Jinsi ya kulielewa na kulitumia neno "get" la Kiingereza

Kila anayejifunza Kiingereza hukutana na "get" mapema sana. Huambiwa ni "pata", akaandika daftarini, akasonga mbele. Kwa muda mambo huenda vizuri: "get money" ni kupata pesa, "get a job" ni kupata kazi. Kisha anasikia "get up", "get lost", "it's getting late", "I don't get it", na ile "pata" aliyoiandika haimsaidii tena. Akifungua kamusi anakuta maana nyingi zilizopangwa kwa namba, na mara nyingi anaifunga akiwa amechanganyikiwa kuliko alivyoifungua.

Ninachokushauri ni hiki: usijiulize "get" maana yake nini. Jiulize ni kitu gani kimekaa baada yake. Neno lenyewe limebeba wazo jepesi tu la kutoka hali moja na kuingia nyingine: kitu hukuwa nacho, sasa unacho, mahali hukuwepo, sasa upo, hukuwa umechoka, sasa umechoka. Lile linalofuata ndilo linaloamua maana. Na sisi tunaozungumza Kiswahili tuna faida kubwa hapa, kwa sababu mengi ambayo Mwingereza anayaeleza kwa "get" sisi tunayaeleza kwa mnyambuliko wa kitenzi, yaani zile kauli za kutendea, kutendwa, kutendeka, kutendana na kutendesha tulizosomeshwa shuleni. Ukishaona uhusiano huo, kazi inapungua sana.

Hatua ya 1: Shika maumbo yake

Wakati uliopo ni "get", uliopita ni "got", na umbo la "-ing" ni "getting", lenye "t" mbili. Umbo la tatu, yaani lile linalokaa baada ya "have", ndilo linalotofautiana: Uingereza husema "got", Marekani husema "gotten". "Gotten" si kosa wala si lugha ya mtaani. Ni umbo la zamani ambalo Wamarekani walibaki nalo wakati Waingereza waliliacha, ingawa hata Waingereza wanalo hadi leo ndani ya "forgotten".

Mmarekani anayatumia yote mawili na kuyatofautisha. "I've got a car" kwake ni "nina gari", na "I've gotten a car" ni "nimepata gari". Chagua upande mmoja, Uingereza au Marekani, na ubaki hapo katika andiko lote.

Papo hapo jifunze kwamba "have got" ni namna nyingine ya kusema "kuwa na". Swali lake ni "Have you got time?" au "Do you have time?". Usiyachanganye ukasema "Do you have got time?", maana hilo halipo.

Hatua ya 2: Likifuatwa na nomino, tafuta kitenzi mahususi cha Kiswahili

Hapa ndipo "pata" inapofanya kazi, lakini si kila mara. "I got a letter" ni nimepokea barua. "Get some water" ukiambiwa wewe ni kalete maji au kachukue maji. "She got a cold" ni ameshikwa na mafua. "I'll get the door" humaanisha mtu amebisha hodi na msemaji anakwenda kufungua. Hakuna anayepata mlango hapo. "I'll get the phone" ni nitaipokea simu. "They got the thief" ni wamemkamata mwizi. "He got ten years", kwa habari za mahakamani, ni amehukumiwa miaka kumi.

Kisha kuna "get" ya kuelewa: "I get it", nimeelewa, "I don't get the joke", sijaelewa kichekesho kiko wapi. Angalia kwamba Mwingereza anasema "I get it" kwa wakati uliopo pale tunaposema "nimeelewa", kwa "-me-". Jambo hilo la "-me-" tutalirudia muda si mrefu, nalo ni muhimu kuliko linavyoonekana.

Ikiwa baada ya "get" kuna mtu na baada ya mtu kuna kitu, hiyo ni kauli yetu ya kutendea. "Get me a chair", niletee kiti. "I got her a present", nilimnunulia zawadi. "Can you get him a room?", unaweza kumtafutia chumba? Viambishi "-ea" na "-ia" vinaeleza kitu kilekile ambacho Mwingereza anakieleza kwa kumweka mtu katikati. Wengi hukosea kwa kuongeza "for" mahali pasipotakiwa. "Get for me a chair" utaeleweka, lakini haisemwi hivyo. Sema "get me a chair", au "get a chair for me".

Hatua ya 3: Likifuatwa na kivumishi, ni kugeuka hali

"Get old" ni kuzeeka, "get fat" kunenepa, "get thin" kukonda, "get wet" kulowa, "get tired" kuchoka, "get angry" kukasirika, "get drunk" kulewa. Kila neno la Kiswahili hapo ni moja tu, na mabadiliko yamo ndani yake. Kiingereza kina kivumishi peke yake, "old", "wet", "tired", na kinahitaji kitenzi cha kukisukuma. Kitenzi hicho ndicho "get".

Swali linalowasumbua wengi ni lini waseme "I am tired" na lini waseme "I get tired". Jibu lake limo ndani ya Kiswahili. Chukua kitenzi "kasirika" na ukizungushe:

Amekasirika: "He is angry."
Anakasirika: "He is getting angry", au kama ni tabia yake, "He gets angry."
Alikasirika: "He got angry."
Alikuwa amekasirika: "He was angry."

Umeona? Palipo na "-me-", kwa maana kwamba jambo limeshatokea na mtu yumo ndani ya hali hiyo, Kiingereza hutumia "be". Palipo na "-na-" au "-li-", kwa maana kwamba mabadiliko yanatokea au yalitokea, Kiingereza hutumia "get". Jaribu na "potea": nimepotea, "I'm lost", nilipotea, "I got lost". Na "lewa": amelewa, "he's drunk", alilewa, "he got drunk". Na ndoa: ameolewa, "she is married", aliolewa mwaka 2015, "she got married in 2015". Kanuni hii si sheria isiyo na mwanya, lakini inakupa jibu sahihi mara nyingi kiasi kwamba nisingependa mwanafunzi yeyote aikose.

Kwa ndoa ongeza jambo dogo: ukimtaja mwenzi, tumia "to", yaani "She got married to a teacher". Sisi huvutwa kusema "married with" kwa sababu ya "kuoana na". Na ukitumia "marry" lenyewe, huhitaji chochote katikati: "She married a teacher".

Kuna mpaka mmoja usiuvuke. "Get" ya kugeuka hali haishiki nomino. "Akawa daktari" ni "He became a doctor". Ukisema "He got a doctor" umesema alimpata au alimleta daktari, jambo tofauti kabisa.

Hatua ya 4: Likifuatwa na mahali, ni kufika au kusogea

"We got to the station at six", tulifika kituoni saa kumi na mbili. Swali la njia ni "How do I get to the airport?". Mahali hutanguliwa na "to", isipokuwa "home", "here" na "there": "get home", "get here", "get there". "Get to home" ni kosa linalosikika sana.

Kwa vyombo vya usafiri, kupanda na kushuka kuna jozi mbili. Gari dogo na teksi ni "get in" na "get out of". Basi, treni, ndege, meli, baiskeli na pikipiki ni "get on" na "get off". Ukitaka kukumbuka, jiulize kama ndani ya chombo unaweza kusimama na kutembea, au kama unakaa juu yake. Ikiwa ndiyo, ni "on" na "off".

Hatua ya 5: Kauli ya kutendwa, na simu iliyoibwa

Mwingereza anaweza kuunda kauli ya kutendwa kwa "be" au kwa "get": "He was fired" na "He got fired", zote mbili ni alifukuzwa kazi. Ile ya "get" ni ya mazungumzo, na hupenda kukaa kwenye mambo yanayompata mtu ghafla, mabaya au mazuri: "got hurt", "got caught", "got promoted", "got paid". Kwa taarifa tulivu kama "daraja lilijengwa mwaka 1937", tumia "was built". Swali na kanusho huhitaji "do": "Did you get paid?", "I didn't get invited".

Sasa njoo kwenye kosa ambalo naliona kuliko mengine yote. Kiswahili kinaruhusu "nimeibiwa simu": mimi ni kiima, simu inafuata, na hakuna anayeshangaa. Mtu anaihamishia Kiingereza vilevile na kusema "I was stolen my phone". Kwa Mwingereza sentensi hiyo haikai, na ukikata kipande cha kwanza, "I was stolen", inakuwa wewe ndiye uliyebebwa na wezi. Kiima lazima kiwe simu: "My phone was stolen", au kwa mazungumzo, "My phone got stolen". Ukitaka kubaki wewe mbele, sema "I had my phone stolen". Hata "I got my phone stolen" husikika, ila mara nyingine hubeba kivuli cha kwamba ulizembea.

Hapo tunaingia kwenye muundo unaofanana nao, yaani "get", kitu, kisha umbo la tatu la kitenzi. "I got my hair cut", nimenyolewa nywele. "She got her phone fixed", ametengenezewa simu. "We got the house painted", tumepakisha nyumba rangi. Muundo huu unasema kazi ilifanywa na mtu mwingine kwa niaba yako. Kiswahili cha kila siku hakijali sana tofauti hiyo: mtu husema "nimetengeneza gari" na kila mtu anajua gari lilikuwa kwa fundi. Ukisema kwa Kiingereza "I fixed my car", msikilizaji ataamini wewe mwenyewe ulivaa ovaroli ukaingia chini ya gari, na swali lake la pili litakuwa uliitengeneza vipi.

Hatua ya 6: "Get" na mtu anayefanya jambo

"I got him to sign", nilimshawishi akatia sahihi. Huu ni upande wa kauli ya kutendesha, lakini Kiingereza hapa hupima nguvu iliyotumika. "I got him to sign" inaonyesha ulibembeleza, ulieleza, ulihangaika kidogo. "I made him sign" inaonyesha ulimlazimisha. Kumbuka pia kwamba "get" inataka "to" na "make" haitaki.

Hata kitu kisicho na uhai huingia humu kinapokuwa kigumu: "I can't get the door to open", mlango umekataa kufunguka.

Hatua ya 7: "Get to", "got to" na "used to"

"I got to meet the president" ni nilipata kuonana na rais, yaani nilipewa nafasi hiyo. Hapa "pata" yetu inarudi kwa heshima zake zote, maana sisi pia tunasema "sijapata kuona". Lakini "I've got to go" ni lazima niende. Katika maongezi ya haraka "I've got to" hutamkwa "gotta", na sauti zinakaribiana. Kinachokuokoa ni wakati: ikiwa habari ni ya zamani, ni nafasi, ikiwa ni ya sasa au inayokuja, ni lazima.

"Get to know" ni kufahamiana. "Get used to" ni kuzoea, na kitenzi kinachofuata huchukua "-ing": "I got used to waking up early", nilizoea kuamka mapema. Ukiondoa "got", ukasema "I used to wake up early", umesema zamani ulikuwa ukiamka mapema na sasa huamki. Herufi tatu zinageuza maisha ya mtu, kwa hiyo zisikilize.

Hatua ya 8: Vijineno vinavyoambatana nalo

"Get up", "get over", "get by", "get away with". Orodha ni ndefu na sikushauri uikariri. Jifunze moja moja, kila moja na sentensi yake, unapokutana nayo. Zile utakazokutana nazo mapema ni hizi. "Get up" ni kuondoka kitandani au kuinuka. "Wake up" ni kufumbua macho tu, na mtu anaweza ku-"wake up" saa kumi na mbili akaja ku-"get up" saa mbili. "Get along with someone" ni kupatana na mtu, kauli ya kutendana. "Get over" ni kupona ugonjwa au kumaliza uchungu wa jambo. "Get by" ni kujikimu, riziki ikiwa ya kubana. "Get through" ni kuvuka kipindi kigumu, na kwa simu ni kumpata unayempigia. "Get rid of" ni kuondoa au kutupa. "Get back to someone" ni kumrudia mtu na jibu. "Get away with" ni kufanya kosa na kuponyoka adhabu. "What are you getting at?" ni unataka kusema nini hasa?, na kwa kawaida anayeuliza ameshaanza kuudhika.

Mbili zinahitaji tahadhari. "Get lost!" ikisemwa kwa amri ni potelea mbali! "Get a life!" ni dharau. Zielewe ukizisikia, ila usizijaribu kwa mtu usiyemjua. Ya kufaa kwa mgonjwa ni "Get well soon", ambayo ni upone haraka.

Hatua ya 9: Jua lini uliweke pembeni

"Get" liliingia Kiingereza kutoka lugha ya watu wa Skandinavia waliokwenda kukaa Uingereza zama za Waviking. Kwao lilikuwa "geta". Maneno kama "receive", "obtain" na "arrive" yaliingia kupitia Kifaransa, baada ya Wanormani, watu kutoka kaskazini mwa Ufaransa, kuiteka Uingereza mwaka 1066, na kwa karne kadhaa Kifaransa kilikuwa lugha ya mabwana na mahakama. Ndiyo maana hadi leo "get" linasikika kama neno la nyumbani na wenzake wanasikika kama maneno ya ofisini.

Kwa barua ya kuomba kazi, ripoti au insha ya mtihani, badilisha: "I got your letter" iwe "I received your letter", "get permission" iwe "obtain permission", "get better" iwe "improve", "get to the office" iwe "arrive at the office". Lakini usilifukuze kila mahali. "Get married" inakubalika karibu popote, na kumwandikia rafiki "I obtained your message" ni kumfanya ajiulize kama mmegombana.

Hatua ya 10: Soma aya moja kwa utaratibu

Chukua ujumbe huu mfupi:

"I got your message when I got home, but it was getting late and I had to get the children to bed. I think I get what you mean. Let me get some advice and I'll get back to you tomorrow."

Neno limejitokeza mara saba. La kwanza limefuatwa na nomino, ujumbe: kupokea. La pili na "home": kufika. La tatu na kivumishi "late": hali inageuka. La nne lina watu kisha mahali: kuwapeleka. La tano limefuatwa na kile ulichokusudia: kuelewa. La sita ni ushauri, na ushauri huombwa. La saba lina "back to": kurudi na jibu. Kwa Kiswahili:

"Niliupata ujumbe wako nilipofika nyumbani, ila usiku ulikuwa unaingia na ilinibidi niwalaze watoto. Nadhani nimekuelewa. Acha niombe ushauri, kesho nitakujibu."

"Pata" imebaki moja. Na "niwalaze" imekusanya "get the children to bed" yote ndani ya neno moja, kwa kauli ya kutendesha.

Sasa funika majibu kwa mkono na ujaribu hizi mwenyewe, ukianza kila mara na kile kinachofuata:

"It gets dark early." Kivumishi: giza huingia mapema.
"Did you get the tickets?" Nomino: umepata tiketi?, au umenunua tiketi?
"He got bitten by a dog." Umbo la tatu la kitenzi: aliumwa na mbwa.
"Get your brother a plate." Mtu kisha kitu: mletee kaka yako sahani.
"I need to get my shoes repaired." Kitu kisha umbo la tatu: nahitaji kutengenezesha viatu.
"We finally got the engine to start." Kitu kisha "to" na kitenzi: hatimaye tulifanikiwa kuiwasha injini.